Sentimita Nne

Mpima ardhi alifika gereji saa mbili asubuhi akiwa na maboksi mawili kwenye kiti cha nyuma, akamwambia fundi anataka gari lishushwe sentimita nne. Si tatu, si tano.

Fundi huyo watu walimwita Jeki, kwa sababu hakuna gari lililowahi kumshinda kulinyanyua. Alifungua maboksi. Moja lilikuwa na springi nne fupi nyekundu, la pili shokapu nne mpya. Akamtazama mteja wake kuanzia viatu hadi mvi, kisha akalitazama gari: gari la familia, la milango mitano, lenye mikwaruzo ya miaka mingi.

"Mzee wangu, umeamua kushindana na vijana?"

"Sentimita nne," alisema mpima ardhi.

"Sawa. Ila shemeji akikukimbia kwa sababu ya matuta, usije kunilaumu."

Mpima ardhi hakucheka wala hakukasirika. Utani ule aliusikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Alikuwa hivyo kwa miezi mitatu sasa, tangu siku mkewe alipoanguka nyumbani akitundika mapazia. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika ngazi. Simu ililia mezani, akaiachia ngazi, akaenda kupokea. Aliposema "halo" ya pili, mkewe alikuwa sakafuni. Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba uti wa mgongo umeumia na miguu haitarudi. Mpima ardhi akauliza geti la wageni linafungwa saa ngapi. Ndugu walisema amejikaza kiume. Hakujikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza. Alikula alipopewa chakula, akalala wengine walipolala, akaenda kupima viwanja vya watu na vipimo vikatoka sawasawa. Ni moyo tu uliokuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila huu haukuonyesha dalili ya kuanza kuchomachoma.

Tatizo la gari lilikuja baadaye. Ili kuingia ndani, mkewe aliwekewa ubao kati ya kiti cha magurudumu na kiti cha gari, akawa anateleza juu yake kwa nguvu za mikono. Lakini kiti cha gari kilikuwa sentimita hamsini na nane kutoka chini, na kile cha magurudumu hamsini na nne, hata baada ya kuongezewa mto. Kwa mtu mwenye miguu inayofanya kazi, hiyo si tofauti. Kwake yeye kilikuwa kilima. Mara ya tatu ubao ulichomoka, akakwama katikati ya viti viwili, gauni limepanda, majirani wanatazama. Tangu siku hiyo hakutoka tena nje.

Binti yao alishauri wauze gari hilo, wanunue la chini zaidi. Mama mtu alimkatiza. "Mmenibadilishia choo. Mmenibadilishia kitanda. Mlango mmeupanua. Gari langu liacheni." Na lilikuwa lake kweli. Yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha miaka yote, mumewe akikaa pembeni na kumwelekeza njia ambazo yeye tayari alizijua.

Basi mpima ardhi alichukua futi yake, akapima, akaagiza.

Jeki aliliweka gari juu ya stendi za chuma, akatoa matairi. Boliti za shokapu zilikuwa zimeshika kutu, akazimiminia mafuta, akangoja, akazigonga. "Umefanya la maana kununua na shokapu," alisema akiwa amelala chini ya gari. "Wengi wananiletea springi tu. Shokapu ya zamani imezoea springi ndefu. Ukiiwekea fupi inakaa imejikunja muda wote, inagonga mwisho, haimalizi mwaka. Na gari linaruka kama mbuzi."

Alipofika kwenye springi ya mbele aliibana kwa vibanio viwili, huku mzunguko mmoja, kule mzunguko mmoja. Mpima ardhi alikuwa amesogea karibu mno. Jeki akamsukuma kwa kiwiko.

"Simama kule! Hii ikifyatuka inaondoka na kichwa cha mtu. Huogopi?"

"Siogopi," alijibu mpima ardhi, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Jeki alimwangalia kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Saa saba mchana gari lilikaa tena juu ya matairi yake. Jeki alijua wenye magari ya kushusha hupima nini: nafasi kati ya tairi na bodi. Huyu alifungua mlango wa abiria, akapiga magoti kwenye saruji, akapima kutoka chini hadi kwenye kiti.

"Hamsini na nne na nusu," alisema.

"Springi zitalala zenyewe baada ya siku chache, hiyo nusu itaondoka. Lakini mbona unapima kiti?"

"Mke wangu anaingia akitokea kwenye kiti cha magurudumu."

Jeki alijifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji. "Ungeniambia mapema, kaka, nisingekutania."

"Haikuniuma."

Nyumbani, mkewe alikuwa barazani na binti yao. Alilitazama gari likiingia, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Umelifanya nini gari langu? Limechuchumaa."

"Jaribu kuingia," alisema mumewe.

"Mzee mzima unashusha gari! Watu watasema umepata kibinti."

"Jaribu, mama wee," binti alimtania, huku akisogeza ubao. Mama alivuta pumzi, akaweka kiganja kwenye kiti cha gari, akajisukuma. Mara moja. Mara ya pili alikuwa ndani, anavuta mkanda, uso umelowa jasho.

"Endesha," alisema. "Kabla sijabadilisha mawazo."

Binti alipakia kiti cha magurudumu na ubao nyuma, wakaondoka wawili tu. Kwenye tuta la kwanza tumbo la gari lilikwaruza na mkewe akapiga kelele. "Lichukue upande! Tairi moja moja! Nani alikupa leseni wewe?" Tuta la pili alilichukua upande. Walipita maduka, shule, kituo cha mafuta. Mkewe alishusha kioo na kutoa mkono nje.

"Siku ile," alisema bila kumgeukia, "ilikuwa simu ya nani?"

"Mtu alikosea namba."

"Kweli?"

"Kweli."

Walipita tuta jingine, kisha mkewe akasema, "Mimi ndiye niliyekuambia ukapokee. Ilikuwa inanikera, inalia tu. Nilikuambia, 'Nenda bwana, mimi nimeshika.' Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Alipekua kichwani na kuikuta ile sauti, ikitoka kwenye mdomo uliobana pini za mapazia, inasema maneno hayohayo. Akaegesha gari pembeni. Alingoja machozi, hayakuja. Kilichokuja ni maumivu ya kawaida kabisa, ya magoti aliyoyapiga kwenye saruji.

"Magoti yananiuma," alisema.

"Afadhali yako yanauma," mkewe alisema.

Kisha akaanza kucheka, peke yake, mpaka akajishika ubavu. Mpima ardhi hakucheka. Alikaa akimsikiliza, akayasugua magoti yake. Cheko lilipoisha mkewe alimwambia wasirudi nyumbani bado, waende kwa dada yake, wakamshtue. Ulikuwa mwendo wa saa nzima. Mumewe aliwasha gari, akamwuliza njia.