Jina la Violeth

Miezi minane Philomena alikuwa akimjengea mdogo wake jina, na hakuna mwingine aliyejua.

Violeth alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha famasia, hana shamba, hana ng'ombe, hana hata kitanda cha kuweka dhamana. Philomena, karani wa chama kidogo cha akiba na mikopo mjini Bariadi, alijua kwamba asiye na mali hukopeshwa kwa jina lake. Basi kila Ijumaa Violeth alileta elfu tano aliyoipata kwa kuwasuka wenzake nywele. Baadaye akakopa elfu hamsini asiyoihitaji, akaifungia kwenye soksi, akairudisha kabla ya siku. Kisha laki moja, vivyo hivyo.

"Dada, mimi nakopa hela, nailinda, nairudisha na riba. Huu si wazimu?"

"Ni wazimu," alikubali Philomena. "Lakini unaandikwa."

Ilibaki hatua moja tu: laki nne za ada, ambazo bila hizo Violeth asingekaa kwenye mtihani wa mwisho. Kamati ya mikopo ilikuwa ikae Alhamisi. Jumatatu asubuhi taarifa yake ikarudi kutoka kwa wanaotunza kumbukumbu za wakopaji: ameshindwa kulipa mkopo wa simu, shilingi elfu arobaini na moja pamoja na faini, siku mia na kumi zimepita.

"Sijawahi kukopa kwenye simu!" Violeth alilia. "Namba gani hiyo?"

Philomena akaisoma. Hakufika mwisho. Wote wawili waliijua kwa moyo.

Ilikuwa namba ya mjomba wao Bujiku, wa Ngulyati. Miaka mitatu nyuma, laini zisizosajiliwa zilipokuwa zikifungwa, mjomba alikwenda kuchukua kitambulisho cha taifa, mashine ikavikataa vidole vyake. Jembe lilikuwa limeisugua mistari yote ikaisha. Violeth ndiye aliyekuwa na kitambulisho. Akaweka kidole chake kwa niaba ya mjomba, laini ikaandikwa kwa jina la Violeth, wakala akapiga muhuri, wakanywa soda. Nani angekataa?

Mwenyekiti wa kamati, Mama Klementina, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Deni lilipwe, na hiyo laini ifungwe. Mkiiacha wazi, Ijumaa mjomba wenu atakopa tena, na mimi nitaonekana mjinga."

"Nikimdhamini mimi, Mama?"

"Wewe ni mfanyakazi, huruhusiwi. Unaijua kanuni kuliko mimi."

Ni kweli aliijua. Yeye ndiye aliyeichapa.

Philomena angeweza kulipa deni lile mwenyewe, na Violeth, kwa kuwa laini ilikuwa yake, angeweza kuifunga dukani kwa dakika tano. Alipolisema hilo, Violeth alimtazama kama ametukanwa. "Mjomba amenilea tangu darasa la tatu. Nimzimie simu kama mwizi? Twende tumwambie."

Jumanne wakaenda. Walimkuta nyuma ya nyumba akinoa jembe.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, wanangu! Karani na daktari wamekuja pamoja, leo nani amekufa?"

Philomena alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, akaishia kuulizia hali ya pamba. Violeth akaeleza.

Mjomba alisikiliza, kisha akacheka. "Ile? Nilinunulia dawa ya pamba, ng'wanone, mwanangu. Wadudu walikuwa hawangoji kitambulisho."

"Lakini hukulipa, mjomba."

"Nimlipe nani? Anayedai ana miguu. Mimi nakaa hapa hapa, kila mtu anaijua nyumba yangu. Miezi yote hiyo hajaja mtu, hajatuma mtu. Nikasema huyu amesamehe."

"Wametuma ujumbe!" Violeth alisema, akiipekua simu ya mjomba. "Ujumbe kumi na saba!"

"Ujumbe ni mtu?"

Philomena akageukia zizi. Zizini walisimama ng'ombe wawili wekundu wa Constantine, rafiki wa mjomba aliyehamia Lalago. Kila mtu Ngulyati alijua kwamba mjomba anamtunzia, na kwamba ndama wao wote wanahesabiwa.

"Mjomba," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba mzee aliacha kunoa. "Constantine hajaja hapa mwaka wa nne. Amesamehe wale ng'ombe?"

Mjomba aliliweka jembe chini. Halafu akamwita mkewe alete pesa ya karanga. Hakumtazama Philomena. Akazihesabu mara mbili, akavuka barabara kwa wakala wa pesa za simu kulipa, wao wakimfuata.

Muda si mrefu kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kikalia. Akamkabidhi Violeth amsomee.

"Asante. Deni lako limelipwa lote. Sasa unaweza kukopa hadi shilingi elfu sitini. Bonyeza moja kukubali."

"Sitini!" Uso wa mjomba ukang'aa. "Mwanzo walinipa thelathini! Mnaona? Mnanisema nimeharibu jina, kumbe nimelikuza. Lete simu."

"Mjomba, tumekuja kuomba laini ifungwe," Violeth alisema, huku akimrudishia simu kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Ifungwe? Wanunuzi wa pamba wote wana namba hii. Constantine ana namba hii. Kwanza palizi imefika, vibarua watakula nini? Nitalipa tu, si umeona nalipa?"

Na kidole chake, kile ambacho mashine ilikikataa, kikaelekea kwenye moja.

Philomena hakuwahi kumkatisha mkubwa maneno, hata kanisani alisubiri watu wote watoke ndipo ainuke. Aliuona tu mkono wake ukinyakua simu ile. Akaifungua mgongo, akatoa betri, akachomoa laini. Laini ikaanguka vumbini, akaiokota.

"Nisamehe, mjomba. Nitawapigia watu wako wote mmoja mmoja niwape namba nyingine. Hii siirudishi."

Wakala alijifanya anapanga vocha. Violeth alikuwa analia. Mjomba aliishika simu yake tupu, akaigeuza huku na huku.

"Kumbe una mikono," alisema hatimaye, bila kucheka. Akavuka barabara kurudi kwake.

Pale Ngulyati mgeni husindikizwa hadi njia panda. Siku ile walikwenda peke yao, Violeth akiwa mbele. Mchana huo waliifunga laini.

Alhamisi mkopo ukapita. Mama Klementina alisaini, akasema, "Jina zuri hili, litunzeni." Philomena akachukua fomu, akaipeleka kwa mtunza hazina. Violeth alipokea pesa, akashukuru kwa adabu, kama anavyoshukuriwa karani yeyote, akaondoka.