Sifa Hayumo Bwenini

Msichana wa kwanza kuugua aliitwa Chancelvie, naye aliugua kabla hajafungua hata sanduku lake la nguo. Alikuwa ametoka upande wa Kabondo-Dianda, amekaa juu ya magunia ya samaki wakavu ndani ya lori, na alipofika bwenini amejishika tumbo, kila mtu alidhani ni uchovu wa njia. Kulipopambazuka walimkuta amelala kando ya choo. Macho yalikuwa yamezama, na kilichomtoka kilikuwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Banza, muuguzi wa shule, alichuchumaa akamfinya ngozi ya mkono. Ngozi ikabaki imesimama, haikurudi mahali pake.

"Mama Prefe," alisema bila kugeuza kichwa, "hii iko kolera."

Prefe Léa Kabange, mkuu wa lisé ile, shule ya sekondari ya wasichana hapa Kamina, alisimama mlangoni na funguo za madarasa mkononi. Wanafunzi wa mjini walikuwa hawajaanza kuja. Wa bweni tu ndio waliokuwa wamefika, kutoka Kaniama, Kabongo na Bukama, na tayari walikuwa wamelala pamoja, wamekula pamoja, wamechota maji kwenye pipa moja.

Alimpigia simu daktari wa zone ya afya, yaani wa wilaya, kumweleza kwamba kipindupindu kimeingia. Jibu lilikuwa fupi: asimrudishe mtoto yeyote kwao, maana angeupeleka ugonjwa hadi mwisho wa barabara zote. Waliolala bwenini wabaki ndani. Maji yote yatiwe klori. Dawa na hema vingefika mara tu gari litakapopatikana.

Léa akafunga geti kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake jumba la kulia lilikuwa limegeuka wodi. Meza zilisukumwa ukutani, magodoro yakafunikwa plastiki, na ndoo ikawekwa kando ya kila moja. Wagonjwa waliongezeka. Miongoni mwao alikuwa Kaumba, wa darasa la chini kabisa, mdogo kuliko wote bwenini, binti wa wakulima wa mahindi wa upande wa Kaniama. Yeye hakuonekana kuzidiwa. Alikunywa dawa yake ya unga iliyochanganywa na maji bila kubembelezwa, akauliza kama masomo yataanza bila yeye. Banza alimwambia masomo yatamngojea.

Habari ilikuwa imeshafika mjini na nje ya mji. Wazazi walianza kusimama getini, wengine wakiita majina ya watoto wao kupitia nyavu za ua. Kabla ya saa sita akafika mfanyabiashara mmoja wa Kabongo, mwenye kofia nyeupe, pikipiki yake imejaa vumbi jekundu na furushi la vitenge limefungwa nyuma.

"Minyi njo papa ya Sifa," alisema, akijitambulisha kuwa baba wa mmoja wa wasichana wa bweni. "Zuberi. Munipatie mutoto yangu, tuende."

"Papa Sifa, pole na njia," Léa alimjibu kutoka ndani. "Lakini muntu hatoki. Daktari njo amekataza."

"Sifa iko mugonjwa?"

"Hapana. Asubuhi nilimuona, haikuwa mugonjwa."

"Basi unamufungia na bagonjwa juu ya nini? Unangojea naye apate?"

Hilo ndilo swali Léa alilokuwa amejiuliza tangu alipofunga lile geti.

"Kama iko nayo mu tumbo, haiyatoka bado, utaipeleka Kabongo," alisema. "Utaipeleka kwa badogo yake."

Zuberi alishika wavu kwa vidole. Hakupaza sauti.

"Mama yake alikufia mu hema ya kolera, mama. Banizuia ku mulango. Baniambia: papa, ngoja. Nikangoja. Kisha bakakuja kuniambia: imekwisha. Minyi shitangoja tena."

"Papa Sifa, ninakuomba..."

Lakini mwanamke mwingine alikuwa amemvuta Léa mkono kupitia tundu la wavu, akilia, akitaka kujua habari za mwanawe. Léa alipomaliza kumtuliza na kuinua macho, Zuberi alikuwa ameshaondoka na pikipiki yake. Léa alidhani amekwenda kukaa kivulini na wenzake.

Mchana Léa alipita bwenini kitanda kwa kitanda kuita majina. Kwenye kitanda cha Sifa hakuna aliyeitika. Blanketi lilikunjwa vizuri, viatu vya darasani vilikuwa chini yake. Léa alizunguka vyoo, bomba, kanisa dogo la shule. Mwishowe mpishi, bila kumtazama usoni, alimwonyesha nyuma ya jiko mahali ambapo mianzi ya ua ilikuwa imesukumwa kando. Papa yake alimwita hapo, mpishi alisema. Mtoto hakutaka. Alikuwa analia. Papa yake akamshika mkono.

Léa alirudi wodini kumwambia Banza. Alisema kwa sauti ya chini, lakini Kaumba, aliyelala godoro la karibu, alimsikia. Kitanda cha Kaumba kilikuwa kando ya kile cha Sifa, naye alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Mama Prefe." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Yaya Sifa alitapika asubuhi. Mara mingi. Alijificha ku choo ya nyuma. Aliniambia nisiseme, juu basimulete hapa."

Banza na Léa walitazamana. Msichana anayetapika, juu ya pikipiki, kwenye jua, kwenye barabara ya Kabongo. Hangefika.

Léa alipiga namba ya Zuberi. Haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vilevile.

"Niende minyi," Banza alisema.

"Weye ukienda, nani atashika bagonjwa? Nani atatia serumu mu mishipa?" Léa alikuwa ameshaanza kukusanya pakiti za dawa ndani ya mfuko. "Nitaenda minyi. Daktari atafika sasa hivi."

"Na asipofika?"

Léa alijaza bidoni, dumu la plastiki, maji yaliyotiwa klori, akachukua kikombe. Alipopita kwenye godoro la Kaumba aliinama akamshika shavu. "Umefanya vizuri kusema," alimwambia. Shavu lilikuwa la baridi kidogo. Aliliona hilo, akatoka.

Kwenye njia panda alimkuta Zébédée, dereva wa pikipiki ya kukodi ambaye humpeleka sokoni siku zote. Hakumficha.

"Ni mambo ya kolera, Zébédée. Tunafuata mutoto ku barabara ya Kabongo."

Zébédée alitazama bidoni, akatazama mfuko, kisha akafuta kiti kwa kiganja. "Panda, mama."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha juma lile na barabara ilikuwa na mashimo yaliyojaa matope. Pikipiki iliyumba, ikazima, ikawashwa tena. Kila walipokutana na watu wanaosukuma baiskeli za makaa, Léa aliuliza habari za mwanaume mwenye kofia nyeupe na msichana. Ndiyo, wamepita. Ndiyo, msichana alikuwa ameegemea mgongo. Mbele zaidi, mwanamke mwenye beseni la mihogo alionyesha kijiji kwa kidevu.

"Balisimama pale ku kisima. Bantu bakaona mutoto anatapika, bakabafukuza na fimbo. Banakufa, bale."

Waliwakuta nje ya kijiji, pembeni ya majani marefu. Pikipiki ya Zuberi ilikuwa imelala ubavuni. Alikuwa amefungua furushi lake la biashara, ametandika vitenge vipya juu ya tope, na Sifa amelala juu yavyo kichwa kikiwa magotini mwa baba. Midomo ya msichana ilikuwa imepasuka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya mwanamke mzee. Nyuma yao, kwenye kingo za kijiji, wanaume kadhaa walisimama na fimbo, hawakuja karibu, hawakuondoka.

Zuberi alimwona Léa akishuka. Uso wake haukuwa na hasira tena. Haukuwa na kitu.

"Umemupa maji?" Léa aliuliza.

"Nilikuwa nayo kidogo. Kila mara anatapika. Nikaacha, juu nilisema maji njo inamumaliza."

"Hapana kuacha! Ikitoka, unarudisha. Ikitoka tena, unarudisha tena." Alikuwa amepiga magoti, anapasua pakiti kwa meno, anakoroga. "Mushike kichwa. Sifa! Sifa, fungua kinywa. Minyi iko hapa."

Walimpa kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone. Akatapika. Wakampa tena. Zuberi aliharakisha hadi dawa ikamwagika kwenye shingo ya mtoto, na Léa akamnyang'anya kifuniko, kisha akamrudishia, kwa sababu mtu mmoja alipaswa kumwinua msichana na mwingine kumnywesha. Zébédée alikwenda hatua chache upande wa kijiji akawaambia wale wanaume kwa Kiluba kwamba wanaondoka, na kwamba pale palipotapikiwa pamwagiwe majivu na kisima kiangaliwe. Mmoja wao aliuliza jambo. Zébédée akaitikia kwa upole. Fimbo zikashuka.

Baada ya muda dawa ikaanza kubaki tumboni. Sifa alifumbua macho, akamtazama baba yake kama anayemtazama kutoka mbali sana.

"Tunarudi Kamina," Léa alisema.

Zuberi alimtazama. Kisha akainamisha kichwa kukubali.

Walimfunga Sifa kwa kitenge kwenye mgongo wa Zébédée, Léa akaketi nyuma yake akimshikilia kiunoni, kikombe kikiwa kifuani. Zuberi aliwafuata. Walisimama mara nyingi njiani kumnywesha. Mvua iliwapata, matope yakawarukia hadi machoni. Léa alikuwa akiongea sikioni mwa msichana, jambo lolote lililomjia: hesabu, majina ya mito, majina ya wasichana wa darasa lake. Alimweleza pia Zuberi, walipokuwa wamesimama chini ya mti mvua ikipungua, ni nani aliyewaambia kwamba Sifa ni mgonjwa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoingia getini. Gari la zone lilikuwa uani, hema jeupe limesimama nusu, na watu wenye mabuti ya mpira wanamwaga klori. Walimpokea Sifa kutoka mikononi mwao. Daktari alipata mshipa upesi, serumu ikaanza kushuka.

Banza alikuwa ameketi kwenye ngazi za jumba la kulia, glovu bado mikononi.

"Kaumba," alisema.

Léa alikaa kando yake.

"Ilimushuka kwa nguvu, mara moja, weye ulipotoka. Nilikuwa peke yangu. Nilitafuta mishipa ku mikono, ku miguu, ku shingo. Ilikuwa imelala yote. Na bengine banalia, banaita. Nilikuwa ninamunywesha kwa mkono moja." Aligeuka kutazama hema. "Bale ba zone bamefika, yeye ameshaenda."

"Kama ningekuwa hapa..."

Banza alivua glovu moja, kisha nyingine.

Zuberi alikuwa amesimama nyuma yao. "Ule mudogo?" aliuliza. "Ule aliyesema?"

Kisha alikaa chini pale pale kwenye tope.

Sifa alipopata nguvu ya kuketi, neno lake la kwanza lilikuwa jina la Kaumba. Léa alikuwa ametayarisha maneno, lakini Zuberi alimwomba amwachie. Alimweleza binti yake mwenyewe, polepole, bila kupunguza kitu. Sifa alimpiga baba yake kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu, mara kadhaa, naye akaacha apigwe.

Wazazi wa Kaumba walifika kutoka kijijini wakati mtoto ameshazikwa na timu ya afya, kama inavyotakiwa. Léa aliwapeleka kaburini, akawaambia yote, pamoja na kwamba yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa barabarani akimtafuta mwingine. Baba alitazama udongo tu. Mama aliuliza swali moja.

"Ule mwingine alipona?"

"Alipona, mama."

Mama alikaza kitambaa chake kiunoni. "Na wangu, alikuwa na muntu karibu?"

"Banza alikuwa anamushika."

Mama akaitikia kwa kichwa. Aliomba apelekwe kwa Banza, akakaa naye ndani ya chumba cha dawa kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Léa hakujua walisema nini, wala hakuuliza.

Zuberi hakutoka tena hadi daktari alipotoa ruhusa. Alichota maji, akaosha ndoo, akaziba mwenyewe tundu la ua nyuma ya jiko. Wazazi wengine walipokuja kugombana getini aliwasikia, lakini hakwenda kuwahubiria. Alisema na mmoja tu, mwanaume wa Bukama aliyekuwa ameanza kuupanda ua. Alimwambia neno fupi, na yule akashuka.

Siku madarasa yalipofunguliwa, wanafunzi wa mjini waliingia wakinawa mikono mmoja mmoja chini ya jicho la Banza. Zuberi alikuwa ameshafunga furushi lake kwenye pikipiki. Alimwendea Léa ofisini, akavua kofia.

"Mama Prefe, leo ninaomba ruhusa. Nimupeleke Kabongo apumuzike, kisha atarudi."

Safari hii Léa angemruhusu. Alimwita Sifa. Msichana alikuja amekonda, sare inamning'inia mabegani, daftari kwapani.

"Papa yako anataka muende nyumbani," Léa alimwambia.

Sifa alimtazama baba yake. Hapakuwa na hasira tena katika macho yake, lakini hakuteremsha sauti.

"Minyi shiendi, papa. Ulinitoa hapa nikilia, haukuniuliza. Sasa uniulize."

Nje kengele ililia, na miguu mingi ikapita mbio barazani.

"Unataka nini?" Zuberi akauliza.

"Kusoma."

Alimbusu baba yake mkono, akatoka. Zuberi alibaki amesimama akiisikiliza sauti ya viatu vyake hadi ikachanganyika na za wengine, kisha akamwomba Léa maji ya kunywa. Léa akamimina kutoka kwenye ndoo yenye klori, naye akayanywa yote.