Sikio Lililokwama Kwenye Kompyuta

Waliomzoea walimwita Fundi Masikio, na jina lenyewe alilipenda, maana kazi yake ndiyo hiyo: kupima masikio yaliyochoka na kuyawekea vile vifaa vidogo vya kusikilizia vinavyokaa nyuma ya sikio. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, mkabala na lango la hospitali. Mlikuwa na meza, viti vitatu, kibanda cha kupimia kilichozibwa mazulia pande zote, na kompyuta moja ya mezani iliyostahili kustaafu zamani, ila hela ya kuistaafisha nani anayo.

Mama huyu alikuwa na mdomo, tusifichane. Kilichomkera kuliko vyote ni ile tabia ya mtu asiyesikia kuitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Unamuuliza sikio lipi linauma, ndiyo. Unamuuliza umekuja na nani, ndiyo. "Ndiyo bila kusikia ni uongo wenye adabu," alikuwa akiwaambia wagonjwa wake, nao, basi tena, wanamwitikia ndiyo.

Saa tatu na nusu asubuhi aliingia Mzee Randa, seremala mstaafu aliyebandikwa jina la chombo chake cha kazi. Misumeno ya umeme ilikuwa imemla masikio. La kushoto lilishakufa kabisa, la kulia lilibaki na uhai kidogo, na kwa uhai huo alitumia kifaa cha zamani chenye nguvu sana, cha aina ambayo siku hizi haitengenezwi tena. Kifaa kiliingia jasho kikaharibika, kikapelekwa kwa mafundi, na jana yake jioni kilikuwa kimerudi. Kilirudi kizima lakini kitupu, vipimo vyote vya sikio la mzee vimefutika. Ilibaki kukichomeka kwenye kompyuta kwa kebo na kuvirudisha.

"Mwanangu, leo wanamtoa mama yenu," alisema Mzee Randa kwa sauti kubwa, sauti ya mtu asiyejisikia, huku akionyesha hospitali kwa kidole.

Akatoa karatasi mfukoni, akampa asome. Mkewe alifanyiwa upasuaji wa koo wiki tatu nyuma, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kutoa hata mguno. Leo saa sita mchana ndipo angeruhusiwa kusema tena. Daktari alikuwa amemwandikia mume kabisa: sauti itakuwa ndogo na haitarudi kuwa ile ya zamani, aseme kidogo, taratibu, na kurudia-rudia ni marufuku, atajiumiza.

"Na mimi miaka yote hii ananiambia kila neno mara mbili," mzee alisema. "La kwanza linapita, la pili ndilo ninaloshika. Bila hiki kidude nitammaliza sauti yake mwenyewe nikitazama."

Fundi Masikio akachukua kalamu akamwandikia: *Dakika tano tu, baba.* Akaweka kifaa mezani, akavuta kiti, na wala hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Sasa, programu ya vile vifaa vya zamani ilikuwa na kiburi chake. Haikukubali kufanya kazi kwenye kompyuta za sasa, ilitaka mazingira ya enzi zake. Ndiyo maana miaka sita nyuma shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, ambaye ni fundi wa kompyuta chuoni, alimtengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ya zamani inayoishi ndani ya hii mpya, inayofunguka kwenye dirisha lake kama chumba ndani ya nyumba. Humo ndimo ilimokaa programu, na humo ndimo yalimokuwa majina na vipimo vya wagonjwa wote. Yeye aliiita "ile ya ndani", akaizoea, akasahau hata kuishangaa.

Asubuhi hiyo ile ya ndani haikuwaka. Kilitokea kibao cheusi chenye maneno kwamba mashine haiwezi kuanza kwa sababu uwezo inaouhitaji unatumiwa na programu nyingine. Alibofya tena, na jibu likawa hilo hilo. Mara ya tano ndipo alipopiga simu.

"Shemeji, leo umenikumbuka wewe, au ni kompyuta iliyonikumbuka?" Shemeji aliuliza.

"Sina muda wa utani. Ile ya ndani imegoma, na nina mzee wa watu hapa mbele yangu." Akamsomea kile kibao neno kwa neno.

"Kuna kitu kipya umeweka kwenye mashine siku hizi mbili tatu?"

"Mimi? Sijagusa kitu."

Hapo alidanganya, na alijua anadanganya. Juzi alitaka kujaribu programu ya vifaa vipya, na maelekezo yakamtaka aweke kwanza programu nyingine ya kutengenezea mashine pepe. Akaiweka. Ilimuuliza maswali kama tisa hivi, naye kikombe cha chai mkononi akabofya Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo mpaka mwisho bila kusoma hata moja. Na Shemeji alishamkanya miaka nenda miaka rudi kwamba akitaka kuweka kitu ampigie kwanza. Kwa aibu akaona afadhali kompyuta ibebe lawama.

Basi Shemeji wa watu, kwa kuwa aliambiwa hakuna kilichoguswa, akaanza kutafuta mchawi mbali. Akamfanya azime na kuwasha. Akamwingiza kwenye kurasa zile za bluu zinazotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa, kuangalia kama uwezo wa mashine pepe umezimwa. Haukuwa umezimwa. Wakazima na kuwasha tena. Saa ya ukutani ikafika nne na nusu, na Mzee Randa amekaa kitini mikono magotini, akitazama midomo ya fundi kama anayesubiri hukumu.

Fundi akamwonea huruma. "Nikuletee maji au chai?" alimuuliza.

"Ndiyo," mzee aliitikia, na kutabasamu.

Siku nyingine angemtania. Leo alimwangalia tu yule mzee aliyejibu asilolisikia ili asisumbue mtu, kisha akaitazama kompyuta yake. Tisa. Yeye aliitikia ndiyo tisa, tena macho yake mazima na maandishi mbele yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wagonjwa wangapi amewatolea methali hiyo humu humu ndani?

"Shemeji," alisema kwenye simu, "nimekudanganya. Juzi niliweka programu nyingine ya mashine pepe. Iliniuliza maswali nikaitikia yote sijayasoma."

Upande wa pili kikatoka kicheko kirefu kisicho na kinyongo. "Ungesema saa tatu na nusu, saa hizi ningekuwa nimeshamaliza kukucheka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, shemeji yangu. Uwezo wenyewe ni mmoja na kila programu inautaka peke yake. Mgeni wako amewahi kuukalia, mwenyeji anabisha hodi nje."

"Basi namfukuza sasa hivi."

"Mkono wako uondoe kwenye kipanya. Tunanakili kwanza. Chomeka ile diski ya nje, nakili folda nzima ya ile ya ndani, ndipo umguse mgeni."

Alifanya hivyo, na kompyuta ikamwambia dakika arobaini. "Shemeji, arobaini! Saa sita mke wake anatoka."

"Mle ndani mna masikio ya watu wangapi?"

"Mia nne na kitu."

"Basi huyo mmoja awasubiri mia nne."

Alimtukana kimoyomoyo. Kisha akamwandikia mzee yote, hata lile kosa lake hakulificha, na mwisho akaandika: *Nisamehe, baba.* Mzee alisoma polepole, karatasi kaisogeza mbali na macho.

"Nakili, mwanangu," alisema. "Ubao ukishakatwa mfupi hauna dawa."

Hakuna neno la lawama lililofuata. Alikunywa maji aliyokuwa ameletewa, akaegemea kiti, akafumba macho. Fundi Masikio alishukuru mpaka akaona haya, maana yeye angekuwa kwenye nafasi ya mzee, ofisi isingekalika. Na Shemeji naye hakukata simu. Alisikika huko aliko akiwajibu watu wake, kisha anarudi, "Imefika asilimia ngapi?"

Saa tano na robo nakala ikakamilika. Akaanza kumwondoa mgeni. Katikati ya safari kikaruka kibao kidogo chenye swali, na kitufe cha Ndiyo tayari kimekolezwa rangi, kinamwita. Mkono ulishaanza kwenda. Akauzuia, akaweka kidole chini ya maandishi kama mtoto wa darasa la kwanza, akasoma kwa sauti: "Je, ufute pia mashine pepe zote zilizosajiliwa humu?"

"Soma majina yaliyo chini yake," Shemeji alisema.

Jina lilikuwa moja tu, nalo ni la ile ya ndani. Miongoni mwa zile ndiyo zake tisa, moja ilikuwa ya kumkabidhi mgeni nyumba nzima na waliomo.

Akabofya Hapana. Akaiangalia ile diski pembeni, akaelewa kwa nini alisubirishwa.

Kompyuta ilipowaka upya, ile ya ndani ikafunguka, na yale majina mia nne na kitu yakajipanga kwenye skrini kama hakukutokea kitu. Alimpata Mzee Randa, akachomeka kifaa chake kwenye kebo. Ikaandikwa: *Kifaa hakionekani.* Akachomoa, akachomeka. Hakionekani. Saa sita kasoro dakika nane.

Mzee akasimama. Hakuhitaji kuandikiwa. "Wacha niende, mwanangu. Nitamtazama mdomo."

Fundi akamshika mkono wa shati, akatikisa kichwa, akamkalisha. "Shemeji, kebo haionekani. Tafadhali."

"Mgeni kaondoka kaacha bawabu wake. Ile programu huweka kijiprogramu cha kushika chochote kinachochomekwa kwa kebo. Fungua orodha ya zile zinazojiendesha zenyewe. Tafuta yenye jina lake."

Alishuka na orodha mstari kwa mstari, anasoma kila mmoja kwa sauti, haruki. Saa sita ikapita. Dakika ya saba ndipo alipolikuta jina. Akakisimamisha kile kijiprogramu, akakizuia kisiamke tena, akachomoa kebo, akahesabu mpaka kumi kama alivyoambiwa, akairudisha. Kompyuta ya ndani ikatoa mlio mdogo, na picha ya kifaa ikatokea. Vipimo vilirudi kwa muda mfupi kuliko ule wa kuvisimulia.

Akamvisha mzee kifaa sikioni, akazunguka nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mzee wangu."

Mzee Randa akageuka. Akaisikia feni, akaitazama. Akasikia kiti chake kinalia, akakikalia tena makusudi. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema, na safari hii sauti yake ilishuka, kwa kuwa alikuwa akijisikia. "Wewe na huyo wa kwenye simu. Asanteni. Asanteni sana."

Fundi Masikio akaichukua simu, akaenda nayo dirishani. "Shemeji, asante."

"Kitu kidogo hicho."

"Si ya leo tu. Dada alipoondoka, nawe ungeweza kuondoka zako. Hakuna ambaye angekulaumu. Miaka yote hii sijawahi kukuambia."

"Ningeenda wapi," Shemeji alisema, "na ndugu zangu ni nyinyi?" Akasema wanafunzi wanamngoja, akakata.

Mzee alikuwa tayari mlangoni anataka kukimbilia hospitali, nyayo zikasikika ngazini. Yeye ndiye aliyezisikia wa kwanza. Akaingia muuguzi kabeba begi, na nyuma yake mama mwembamba mwenye bandeji shingoni, ameshika ukingo wa mlango anapumua.

"Jana mzee alimwambia kwamba ataanzia hapa, basi kanivuta mpaka huku," muuguzi alisema. "Na kwa daktari amekataa katakata. Kila akiambiwa aseme hata jina lake, anatikisa kichwa. Mwisho kaandika hivi." Akawaonyesha kijidaftari. Palikuwa na maneno matano: *La kwanza la mume wangu.*

Fundi Masikio akazima feni.

Yule mama alimtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka viatuni, kwa jicho la mke aliyelala hospitali wiki tatu na kurudi kukuta mambo yameharibika. Akafungua kinywa. Sauti ilitoka ndogo, yenye mikwaruzo, kama msasa unaopita juu ya ubao.

"Shati umeligeuza."

Kisha, kwa mazoea ya miaka yote, akavuta pumzi ili aseme mara ya pili. Mzee Randa aliinua mkono kumzuia, machozi yamemjaa.

"Usirudie, mke wangu," alisema. "Nimesikia."