Kongosho la Fundi Mageti

Fundi mageti hakuwahi kuonja pombe, ila hakuna aliyemsadiki. Mara kwa mara maumivu ya tumbo yalimshika chini ya mbavu, yakapenya hadi mgongoni, akaiacha kazi ya kuchomelea na kujikunyata sakafuni. Hospitali walisema kongosho limevimba. Na kongosho likivimba, watu husema chupa.

"Anakunywa kwa siri," shemeji yake alimwambia mke wa fundi, ambaye ni dada yake, fundi akiwa papo hapo. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Toka kwangu," fundi alisema.

"Nitatoka na dada yangu."

Akatoka naye kweli, pamoja na binti yao mdogo. Mke alikunja nguo bila kumtazama mumewe. Matusi ya shemeji fundi alishayazoea. Ukimya ule ndio uliomkata maini.

Kabla mwaka haujaisha, binti akaugulia kwa mjomba wake. Fundi alimkuta wodini amejikunja vilevile, magoti kifuani. Daktari, mama wa makamo, aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo mwenye maumivu hayo.

"Mimi," fundi alijibu. "Mlevi."

Daktari hakucheka. Alichukua damu ya baba na ya mtoto, na majibu yalipotoka akawaketisha wote, mjomba naye.

"Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kukata protini, ile ya nyama na maharage," alisema. "Kazi yao iko kwenye utumbo. Vikiwa bado ndani ya seli vinatakiwa vilale. Kimoja kikiamka mapema, kuna protini ndogo ya kukinasa na kukiziba kabla hakijawaamsha wenzake. Ninyi wawili mmezaliwa na kizuizi hicho kikiwa dhaifu. Kikishindwa, kongosho linajila lenyewe."

"Kwa hiyo si pombe?" shemeji aliuliza.

"Mchunguze vizuri mpwa wako," fundi akadakia. "Labda naye anakunywa kwa siri."

Mke akaanza kulia. Fundi alimwona, akageuza uso dirishani. Alikuwa ameshinda, lakini ushindi wenyewe ulikuwa shubiri: ubovu ule ulikuwa umepita kwenye damu yake hadi kwa mtoto.

"Dawa ya kurekebisha hicho kizuizi ipo?" aliuliza.

"Hakuna. Punguzeni mafuta kwenye chakula, moshi wa sigara kaeni nao mbali, na maumivu yakianza mje mapema."

Mke alirudi nyumbani na binti. Alilala chumba cha mtoto, na fundi hakumwita. Walizungumza kuhusu chakula cha mgonjwa, basi.

Siku moja shemeji alikuja kwenye karakana, akasimama nje ya uzio.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

Fundi alinyanyua barakoa ya kuchomelea.

"Mtoto unaruhusiwa kumwona. Nenda nyumbani, dada yako yupo. Mimi usinisalimie."

Akaishusha barakoa na kuendelea na kazi, hata shemeji alipoita tena.