Simu ya Mkuu Haitumwi

Mtu akitaka kujua ukoo wetu una adabu kiasi gani, asije harusini wala msibani. Aje siku simu inapokataa kushusha wimbo.

Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi tulikuwa tunafunua jiwe la kaburi la mama mkwe wangu, Sieni. Nguruwe walishafungwa, mikeka ya heshima ilishaanikwa juani, na mzee Fuimalo Pita, mume wa marehemu na mkuu wa ukoo wetu, alishatangaza kanisani kwamba kabla kitambaa kinachofunika jiwe hakijavutwa, kijiji kizima kitamsikia Sieni mwenyewe akiimba. Tangu tumzike, mzee alikuwa hajaisikia sauti ya mkewe hata mara moja. Hakusema kwamba anaitamani, maana wakuu wa ukoo hawatamani vitu, wanavitangaza tu. Lakini kila jioni alikaa upande wa nyumba unaotazama kaburi, akatuuliza kama spika za kanisa zimeshachajiwa. Spika hizo hazichajiwi, zinachomekwa ukutani. Tulikuwa tunamjibu, "Ndiyo, Baba, zimejaa."

Sauti yenyewe ilikuwa mahali pamoja tu, tena si duniani. Ilikuwa mawinguni. Mama Sieni alikuwa na akaunti kwenye ghala moja la muziki la mtandaoni linaloitwa Hazina, na humo alitia nyimbo zote za kwaya yetu. Wimbo aliotaka mzee niliurekodi mimi, kwenye kishikwambi chake, siku ya mazoezi. Kishikwambi chenyewe tulikizika naye, pamoja na Biblia na shali yake nyekundu. Shangazi Mele, dada yake mzee, ndiye aliyelia kwamba kisiachwe nje, na nani angebishana na mtu anayelia?

Kazi ya kuushusha wimbo nilipewa mimi. Sikuombwa, nilipewa. Mimi ni mke wa Lafai, mtoto wa pili wa mzee, na kwetu mwanamke anayeishi kijijini kwa mumewe ana kazi moja tu, nayo ni zote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi imeshaota kutu.

"Sinalei, ushushe ule wimbo," aliniambia Lafai, kama anayesema nibandike maji ya chai.

Nikaenda nyuma ya banda la nguruwe, kwenye tangi la maji, ambapo ndipo mtandao wa kijiji chetu umeamua kuishi. Nikabonyeza. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakaribia kujaa, halafu yakatokea maandishi: *Imeshindikana kushusha. Jaribu tena baadaye.* Baadaye! Aliyeandika neno hilo hana kaburi la kufunua Jumamosi. Nikajaribu kuusikiliza vivi hivi bila kuushusha, nikasikia Mama Sieni akitoa nusu ya herufi, kisha kimya, kisha nguruwe.

Basi washauri wakaanza kuja. Mume wangu akasema niizime simu niiwashe. Nikaizima, nikaiwasha. Mwenye duka akasema simu imejaa, nifute picha. Nikafuta picha za ubatizo wa mtoto wa mwenye duka, roho ikapoa kidogo, wimbo ukakataa. Mke wa mchungaji akasema nijitoe kwenye akaunti kisha niingie upya. Huyo nilimshukuru sana na sikumsikiliza, kwa sababu neno la siri Mama Sieni hakumwambia mtu. Alikuwa anachukua simu yako, anageuka, analiandika mwenyewe, anakurudishia kama amekupa komunyo. Ningetoka, nisingerudi tena. Mzee Aukuso, msemaji wa ukoo, mtu ambaye hawezi kuomba chumvi bila kutaja vizazi vitatu, aliitwaa simu yangu, akapuliza kwenye tundu la chaja, akanirudishia. "Sasa nenda," akasema.

Nikaenda. Ikakataa.

Ijumaa asubuhi ndipo nilipofungua ukurasa wa msaada wa Hazina na kuusoma mpaka chini, jambo ambalo lilitakiwa kufanywa mwanzoni na ambalo hakuna binadamu anayelifanya mwanzoni. Ulisema hivi: akaunti moja inaruhusu vifaa kumi tu vishushe nyimbo. Vingine vinaweza kuingia na kusikiliza, kushusha haviruhusiwi. Ukitaka kukiruhusu kipya, toa kimoja cha zamani. Nikaangalia. Kumi vilikuwa vimetimia: gari la shemeji yangu Tavita kule Auckland, televisheni ya shangazi Mele kule Brisbane, simu za watoto wao, simu za wakwe wa watoto wao, simu ya mzee Pita, na kishikwambi kilichoko kaburini. Mimi nilikuwa wa kumi na moja.

Sasa, kwa watu wengine hapa ndipo hadithi inapoishia. Unagusa kimoja, unakitoa, unashusha wimbo, unakwenda kumenya magimbi. Lakini kwetu huwezi kumtoa ndugu mahali alipowekwa na mama wa ukoo bila kikao. Kikao kikaitwa mchana uleule. Wazee wakakaa wameegemea nguzo za nyumba, kila mmoja yake, ava, kinywaji chetu cha vikao, ikakorogwa, na wa ng'ambo wakaonekana kwenye kioo cha simu ya Lafai, iliyotundikwa dirishani upande wa tangi, wakigandaganda. Mimi nilikaa nyuma kabisa na sinia la vikombe.

Mzee Aukuso akafungua. Akaanzia kwa babu aliyekuja na mtumbwi. Ilipofika zamu ya vifaa, ava ilishapoa, na ava haina moto wa kupoa.

"Toeni gari langu," akasema Tavita. "Kwa ajili ya Mama? Litoeni tu!"

"Hapana, hapana, mwanangu," wakaitikia wazee wote. "Unatuaibisha. Gari lako libaki."

Wala hawakuwa wanafiki. Kwetu mtu akitoa, unakataa, yeye anashikilia, unakataa tena, na hapo kila mmoja ameonyesha moyo wake. Shida ni kwamba Tavita alipokataliwa mara ya pili alinyamaza, kama anavyotakiwa.

"Basi toeni televisheni yangu," akasema shangazi Mele.

"Hapana, dada! Wewe uliyemlilia marehemu kuliko wote?"

"Nasema toeni."

"Thubutu!"

Naye akanyamaza, akajifuta macho. Wakaenda hivyo hivyo mmoja baada ya mwingine, kila mtu anatoa, kila mtu anakataliwa, mpaka ukoo mzima ukawa umejitolea na hakuna kilichotoka. Nimeona watu wakigombania mali, nimewaona wakipigana kwa mapanga sababu ya mpaka. Sijaona jambo lililokwama kwa ukarimu kama lile. Nilikuwa na hasira mpaka vikombe vinagongana kwenye sinia.

Mwishowe Lafai, ambaye hukumbuka kuwa na akili siku akiwa na njaa, akasema taratibu, "Kipo kimoja ambacho mwenyewe hawezi kukitoa wala kukatazwa. Cha Mama."

Watu wakaguna. Hata wa ng'ambo walioganda walionekana kuguna. Wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa kwamba ni kweli, marehemu hana nyimbo za kushusha tena.

"Hapana," akasema mzee Pita.

Hapana hiyo haikuwa ya adabu. Tuliijua kwa sababu hakuisema mara mbili.

"Upande wake wa mkeka bado sijaulalia," akasema. "Kikombe chake kipo pale, hamkitumii. Mnataka nimfukuze huko juu, ili nimsikie akiimba? Nimsikie akiniimbia nini, baada ya kumfukuza?"

Mimi mwenyewe, niliyekuwa na hasira hivi punde, nililiweka sinia chini. Yule mama alinituma kwa miaka yote niliyokaa nyumbani kwake, alinituma mpaka ndotoni, na hapo nikamkumbuka kwa uchungu, nikaona kwamba kesho mzee atasimama mbele ya kijiji na spika zitakuwa kimya.

Mzee Pita akanigeukia. Kwenye kikao mkwe hageukiwi, kwa hiyo nikadhani ava imekwisha, nikaanza kunyanyuka.

"Kaa. Hiyo simu yangu," akauliza, "kwenye hiyo Hazina inafanya nini?"

"Imo kwenye vile vifaa kumi, Baba. Mama aliiweka mwenyewe."

"Imo inafanya nini?"

"Imeruhusiwa kushusha."

"Kushusha wimbo?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee akaitoa simu kwenye kikunjo cha kikoi chake, akaitazama mbele na nyuma. "Basi mbona haishushi?"

Nakuapia, watu wazima zaidi ya ishirini, wengine wana shahada, mmoja ni mhasibu wa benki, na hakuna hata mmoja, pamoja na mimi niliyesoma ule ukurasa mpaka chini, aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Kazi ilikuwa ya mke wa Lafai, kwa hiyo simu ilikuwa ya mke wa Lafai. Kuitumia ya mzee kulikuwa sawa na kumpa mzee ufagio.

Mzee Aukuso akakohoa. "Mheshimiwa, radhi zako. Simu ya mkuu wa ukoo haitumwi."

"Mimi mwenyewe nimetumwa na Sieni tangu nimwoe," akasema mzee Pita, "ila alikuwa ananituma ndani, msione. Sinalei, huo mtandao unakaa wapi?"

"Nyuma ya banda la nguruwe, Baba. Lakini nitakwenda mimi, nipe tu..."

Alishanyanyuka.

Sitasahau alasiri ile. Mkuu wa ukoo alisimama kwenye matope ya nguruwe, mkono juu, ameinua simu kama mtu anayeomba lifti kwa malaika. Waliopita barabarani waliinama kwa heshima, wakifika mbali wanageuka kuangalia tena. Vijana wa kijiji walikuja mbio kumpokea, kwamba ni aibu mzee ashike, wao wapo. Akawafukuza. Mimi nilimwonyesha pa kubonyeza kisha nikakaa pembeni, sina la kufanya, na kukaa bila la kufanya ni kazi ngumu kama hujaizoea. Akabadili mkono. Akabadili tena. Kiduara kikajaa.

Akaiweka simu sikioni, akanipa mgongo. Akasikiliza muda mrefu, mrefu kuliko wimbo. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. "Imeshuka," akasema. Hakumpa mtu yeyote asikilize, hata Lafai.

Jumamosi mafundi wa spika walikuja na waya wao, na waya ukakataa kuingia kwenye simu ya mzee, kwa kuwa ni ya zamani. Mzee Aukuso akaniita kwa jicho: nikashike simu mbele ya maikrofoni. Nikasogea. Mzee Pita akatikisa kichwa.

"Nitashika mwenyewe."

Akainuka kwenye kiti chake cha mbele, kile cha mikono miwili alichoazimiwa kanisani, akaenda kusimama karibu na kaburi. Kijiji kizima kilikuwa pale, mchungaji, kwaya, watoto juu ya ukuta. Akabonyeza, akasogeza simu kwenye maikrofoni.

Hatukusikia wimbo kwanza. Tulisikia viti vya kanisani vikiburutwa, mtu akicheka, kisha sauti ya Mama Sieni, ile ya kutuma, kubwa, ikipita juu ya nyumba hadi baharini:

"Sinalei, mkono unakutetemeka. Huyu mtoto wa watu tangu alfajiri hajakaa chini. Pita! Pita, shika wewe!"

Nilikuwa nimeshasahau. Kwenye spika mwanamume akakohoa, akakohoa tena, na hakusema kitu. Halafu nikajisikia mimi mwenyewe, kasauti kembamba ka adabu: "Hapana, Mama, nitashika tu."

Kwaya iliinamisha vichwa. Mzee Aukuso alifumba macho kama aliyepigwa. Na mzee Pita, mbele ya kijiji kizima, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Nimeshika, Sieni," akasema.

Halafu, kabla Mama Sieni hajaanza kuimba kwenye spika, mzee akanitazama na kunionyesha kwa kidevu kiti kilichokuwa wazi. Kilikuwa kimoja tu, kile chake. Watu wote wakageuka kuniangalia. Nikafungua mdomo kusema hapana, Baba.

Nikaufunga. Nikaenda nikakaa, nikamsikiliza mama mkwe wangu mpaka mwisho.