Majina Tisa Kwenye Waya

Jumanne moja ya mwaka 1979, saa mbili asubuhi, mashine ya hesabu ya kampuni, pale katikati ya Lubumbashi, ilikataa orodha ya wafanyakazi iliyotoka mgodini. Kila asubuhi karani wa mgodini, umbali wa kilomita kumi na moja, aliandika namba za watu walioingia kazini, nazo zikasafiri ndani ya waya wa shaba hadi mjini. Siku hiyo karani alituma watu mia mbili na kumi na mmoja. Mashine ikapokea mia mbili na ishirini, ikaona hailingani, ikasimama.

Aliitwa fundi wa laini, Nkandu. Alikuwa na miaka hamsini na moja na magoti mabovu. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, maana dada yake Chola na watoto wanne walikuwa wakilala sebuleni kwake mwaka wa tatu sasa, tangu walipotolewa kwenye nyumba ya kambi ya wafanyakazi, na kitinda mimba alikuwa akikohoa.

Alianza palepale kwenye mashine, kama kawaida. Alichomoa waya, akausafisha ncha, akauchomeka tena. Akabadilisha kipande kinachotoka kwenye mashine hadi ukutani. Kisha akampigia simu karani wa mgodini, akamwambia aunganishe nyaya mbili za upande wake, akapima. Kipimo kilikuwa kizuri.

"Waya haina ubaya," alimwambia mkuu wake, Ngosa.

"Sasa bale bantu tisa banatokea wapi?"

"Batakuwa banaingilia njiani."

Alipanda baiskeli akaifuata laini, akifungua visanduku vya saruji ambamo waya uliungwa. Kwenye kila kisanduku aliunganisha simu yake ya fundi na waya, akamwomba karani atume orodha upya, akahesabu milio. Kisanduku cha tatu: mia mbili na ishirini. Cha sita: mia mbili na ishirini. Cha nane: mia mbili na kumi na mmoja. Akarudi nyuma kwenye cha saba, kilichokuwa kando ya shimo lililofungwa, lile lililojaa maji mwaka 1976.

Ndani ya kisanduku, waya mwembamba ulikuwa umetokea ardhini na kuungwa kwenye laini. Ulikuwa umefungwa mara mbili kushoto na mara moja kulia, kisha ukakazwa kwa kitambaa chenye lami. Nkandu alimjua mtu mmoja tu aliyefunga hivyo, kwa sababu alimfundisha mwenyewe. Akaunganisha simu yake.

"Allo?"

"Allo, shemeji," ilisema sauti ya Musonda, mume wa Chola. "Samahani kwa kusumbua laini."

"Munafanya nini pale chini?"

"Tunaandikisha kazi. Kama hatuandikishe, batasema tulikimbia."

Nkandu aliviangalia viatu vyake. Katika daftari la kampuni, tangu wiki ileile ya maji, wale tisa waliokuwa zamu shimoni walikuwa wameandikwa kwamba walitoroka kazi na kuvukia Zambia kupitia mpaka wa Mokambo. Hakuna aliyeshuka kutazama.

"Muko bote?" aliuliza.

"Bote tisa. Mwansa alivunjika mukono, lakini anafanya kazi na mwingine."

Alirudi ofisini kabla ya saa sita, akaeleza. Ngosa alivua miwani akajisugua macho. Wiki hiyo umeme ulikuwa umekatika mara nne, na pia kulikuwa na barua kutoka Kinshasa ambazo bado hajazijibu.

"Ukiikata?"

"Bataifunga tena. Na banafunga kuliko sisi."

"Basi batafutie waya yao. Orodha ya bazima ipite safi."

Ndani ya laini kulikuwa na nyaya mbili za akiba. Nkandu akawapa hizo, akaziunganisha na taipureta ya zamani ya waya iliyokuwa katika stoo ya mifagio. Saa nane mashine kubwa ikaendelea na kazi. Saa tisa taipureta ya stoo ikaandika majina tisa na namba zao za kazi, na mbele ya kila jina: yuko.

Kesho yake Chola alivaa kitenge chake kizuri, akaipeleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya wafanyakazi. Karani, mama mmoja aitwaye Kunda, alifungua daftari.

"Mama, bwana yako alikimbia. Ndiyo vile bameandika."

"Jana aliandikisha kazi. Angalia namba yake."

Kunda alilinganisha namba, tarakimu kwa tarakimu. "Ni yeye," alikubali. "Lakini kama iko kazini, hakufa. Siwezi kukupa karatasi ya mujane. Na kama haonekane huku juu, siwezi kufuta kama alikimbia."

"Na nyumba?"

"Nyumba ya kambi ni ya muntu mwenye kurudia mangaribi, mama. Yeye harudie."

Chola alikunja karatasi mara nne. Hakupiga kelele. Kelele alizipiga mwaka 1976, zikaisha.

Baada ya hapo wake wa wale tisa walizoea kuja kwenye stoo ile kila Jumamosi asubuhi. Mfagiaji aliwatolea ndoo na kuwageuzia kreti wapate kukalia. Kwa kuwa hawakujua kuandika kwa mashine, waliongea na Nkandu akawaandikia kwa vidole viwili, na majibu yakatoka polepole, herufi moja moja, huku utepe ukizidi kufifia. Wanaume waliuliza habari za mvua na za harusi. Walisema maji ni baridi lakini wameyazoea.

Jumamosi moja ya Novemba Musonda aliandika: BATOTO BANALALA WAPI.

Chola aliyasoma maneno hayo. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli.

"Yaya," alimwambia kaka yake, "andika: banalala kwetu, kwenye nyumba ya kambi. Andika shefu wa kambi alikuja kupaka chokaa. Andika hakuna mwenye kutusumbua."

Asubuhi ile Nkandu alikuwa ameruka magodoro ya watoto sebuleni kwake ili aufikie mlango. Alisogeza kiti karibu na taipureta, akaandika neno kwa neno kama alivyoambiwa, akatuma.