Kofia Juu ya Mpini

Choo cha wanawake kilikuwepo. Profesa alilisema hilo kila alipoulizwa, na uongo haukuwa. Kilikuwa na mlango na kufuli, na ndani kilijaa masanduku ya vigae kutoka sakafuni hadi darini, kwa sababu vigae vya miaka elfu moja havitakiwi kunyeshewa. Wanawake walio hai, inaonekana, wanaweza kungoja.

Msimamizi wa shimo la kufukulia mabaki ya kale, ambaye vibarua walimwita Dada Mkuu, alikwenda kudai mara tatu. Kila mara aliambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo ya Profesa haikuwahi kufika.

Basi wanawake wakajitafutia dawa. Udongo uliotolewa shimoni ulikuwa umerundikwa kando yake hadi ukawa kilima, na nyuma ya kilima palikuwa na faragha. Anayekwenda huko alichomeka sepetu pembeni mwa shimo, akauvika mpini kofia yake. Wanaume wa matoroli wakiiona kofia, hawapandi kumwaga. Aibu iliwalinda wanawake kuliko sheria yoyote ya kazi. Lakini kilima kilikua kila siku, na tangu mvua ya juzi kilikuwa na ufa upande wa nyuma. Dada Mkuu aliuona, akaogopa, akajiambia atausema Jumatatu. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Hawakutuambia tungoje Jumatatu.

Ijumaa ilikuwa siku ya picha. Picha ya shimo haitaki uchafu: ndoo, kamba, viatu, vyote huondolewa, na kuta hukwanguliwa hadi tabaka za udongo zionekane. Kicheko, mdogo wake Dada Mkuu, mwenye mimba ya miezi sita na maneno mengi kuliko redio, alikuwa amebanwa tangu asubuhi.

"Dada, mwanao huyu amekalia kibofu kama mpangaji asiyetaka kuhama," alimnong'oneza.

Dada akacheka, akamwambia aende upesi. Kicheko akavika kofia yake kwenye mpini, akazunguka kilima.

Mpiga picha akainamia kamera, akalalamika kuwa kuna kitu kinachungulia pembeni. Dada Mkuu alikuwa anabishana na Profesa kuhusu kivuli. Alinyoosha mkono bila kutazama, akaking'oa, akakilaza chini. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imeufundisha mkono ule kusafisha.

Picha ikapigwa. Matoroli mawili yakapanda.

Hakukuwa na kishindo. Udongo ulishuka kama unga unaomiminwa guniani, kisha kimya. Dada Mkuu akatazama kofia iliyolala miguuni pake. Akaijua ni ya nani, akakimbia.

Wanaume walikuja na masepetu. Aliwazuia, makali yangemkata. Wakachimba kwa mikono, vibarua wote, hata mpiga picha. Maisha yake yote ya kazi Dada Mkuu alichimba akiomba akute mfupa. Sasa aliomba akute mtu anayelia, anayetukana, anayefanya lolote. Alipogusa vidole, vilikuwa na joto bado. Akavishika. Havikumshika.

"Nani alimruhusu kwenda kule?" Profesa aliuliza nyuma yake.

Dada Mkuu hakugeuka.

"Mimi," alisema. "Piga magoti, uchimbe."